Binti wa Afisa Amekomaa

Afisa hakuwahi kuniita kwa jina wala kwa sauti. Aliinua kidole kimoja, akakikunja mara mbili kama mtu anayemwita mhudumu hotelini, kisha akaangalia pembeni akisubiri nifike. Tulikuwa majirani kwa miaka kumi na mitano mtaani Iftin, ukuta mmoja katikati yetu, na kidole kile nilikifahamu kuliko sura yake. Mimi ni mtu wa Hola, nimelelewa kumheshimu jirani, na nilikuja Garissa kufundisha Kiswahili, si kutafuta ugomvi. Mwanzoni niliitikia. Baada ya mwaka mmoja nikaacha. Naye hakukasirika, alimtuma mlinzi aje kuniita, huku kidole bado kimeinuliwa kule getini.

Kila mtu alimwita Afisa, hata mkewe. Alifanya kazi katika ofisi moja inayohusika na mifugo, na katika miaka yote hiyo sikumwona akikaribia mnyama. Kitambulisho cha kazi kilining'inia kifuani mwake Jumamosi na Jumapili, kilining'inia harusini, kilining'inia msikitini hadi imamu alipomwomba akitie mfukoni. Siku za soko la mifugo alizunguka njia ndefu kufika kazini, na akilazimika kupita sokoni alifunga vioo vya gari na kujipulizia marashi alipotoka upande wa pili. Hakusema mbuzi, alisema mifugo midogo. Ngamia walikuwa mifugo mikubwa. Wafugaji aliwaita wadau, na aliposema wadau uso wake ulijikunja kidogo, kama mtu aliyeng'ata ndimu.

Nyumbani kwake chai ilipikwa kwa maziwa ya pakiti. Maziwa ya ngamia, ambayo matajiri wa Nairobi siku hizi wanayatafuta kwa udi na uvumba, yeye alisema ni ya watu wasio na friji. Aliwahi kunieleza, akiwa amesimama kivulini mwa gari lake na mimi nimesimama juani, kwamba tatizo la sehemu hii ni watu kupenda mno porini. Nilimuuliza yeye alizaliwa wapi. Akatazama saa.

Ningeweza kumsahau kabisa mtu wa namna hiyo, maana wako wengi na wanafanana, kama si binti yake.

Hibo alikuwa mtoto wake wa pekee, na kwake Afisa aligeuka mtu mwingine. Nasema haya kwa shingo upande. Kila asubuhi alimleta shuleni kwetu mwenyewe, akambebea mkoba hadi mlangoni mwa darasa, na kamba ya kiatu ikifunguka alipiga magoti mavumbini na suruali yake iliyonyooshwa, akaifunga taratibu, mafundo mawili. Sikuwahi kuona magoti yake yakigusa chini kwa sababu nyingine. Mtoto alipokuwa garini aliendesha polepole. Lakini mapenzi yale nayo yalikuwa na harufu ya ofisi. Hibo akipata alama nzuri, Afisa aliisimulia kama alama yake. Akipata mbaya, alikuja kuniuliza mimi nimefundisha nini. Mtoto akafika miaka kumi na minne hajui kuchemsha maji.

Sasa nieleze jambo lililonifanya nimdharau, maana kidole na marashi peke yake visingetosha.

Hibo alipokuwa na miaka minne, Afisa alipata wageni kutoka Nairobi, wakubwa wake wa kazi. Walikuwa wamekaa barazani wakila. Nilikuwa nje naanika nguo, na ukuta wetu wakati ule ulikuwa mfupi, niliona yote. Gari la kutoka Habaswein lilisimama barabarani, akashuka mwanamke mzee mwembamba, mrefu, amebeba jerikeni ya manjano ya maziwa. Aliingia getini bila kubisha. Alikuwa anatabasamu. Afisa akainuka haraka, akaipokea ile jerikeni, na kabla wageni hawajauliza akawaambia kwa Kiswahili kwamba ni mama wa maziwa tu. Kisha akamwambia yule mzee kwa Kisomali, kwa sauti ya chini, asubiri nje.

Mzee alitoka akasimama kwenye jua. Nilimwita kwangu, nikampa kiti na maji. Kisomali changu kilikuwa cha kuokota sokoni, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota pia, tukaelewana. Alikuwa mamake Afisa. Aliishi nje kidogo ya Habaswein na mbuzi wake na ngamia wachache. Hakumlaumu mwanawe hata kidogo. Alisema ana wageni, wageni ni kazi. Aliketi ameegemea ukuta, na mtoto alipocheka upande wa pili aliniuliza, "Huyo ndiye Hibo?"

Nikamwambia ndiye. Akanyamaza ili asikie vizuri. Alasiri gari lilirudi, akapanda, akaondoka bila kumwona mjukuu wake. Jerikeni ilirudishwa na mlinzi, ikiwa imejaa vilevile.

Hakuja tena. Mwaka uliofuata Afisa aliujenga ukuta ukawa mrefu. Hibo alipokua akauliza habari za nyanya yake, aliambiwa ayeeyo, yaani bibi, anaishi ng'ambo ya mpaka kwa shangazi, njia si salama. Mama yake Hibo, mwanamke mpole mwenye duka la vitambaa, alijua ukweli akakaa kimya. Watu wa ukoo walijua pia. Lakini Afisa ndiye aliyewaandikia vijana wao barua za kuombea kazi, kwa hiyo nao wakakaa kimya. Na mimi nilikaa kimya, jambo ambalo sijivunii.

Miaka kumi baadaye shule yetu iliamua kufanya kambi ya likizo ya Agosti. Watoto wa mjini hawajui tena maisha ya babu zao, wengine wanaogopa hata mwanambuzi. Tukaona tuwapeleke majuma mawili mashambani kwa wafugaji, wajifunze kukamua, kuchota maji, kusuka mikeka ya nyumba za kuhama. Nilipewa kazi ya kutafuta mahali. Nilichagua Habaswein. Sitadanganya kwamba ilikuwa bahati. Nilikwenda mwenyewe kumtafuta yule mzee, nikampata hajabadilika sana, nikamwomba awe mmoja wa akina mama watakaowafundisha wasichana. Nilimwambia Hibo atakuwemo. Akauliza mtoto anapenda kula nini.

Kilichobaki ni Afisa kukubali. Nilidhani itakuwa vigumu. Lakini alipoona kwenye barua yetu maneno "kukuza uongozi na ukomavu" alitia saini palepale. Hakusoma mahali. Mtu aliyeishi kwa kuwaandikia wengine barua hakuwa na tabia ya kuzisoma.

Hibo alikuja kambini na masanduku matatu na katoni ya maji ya chupa. Siku ya kwanza alilia kwa sababu ya choo. Siku ya pili alilia kwa sababu ya nzi. Siku ya tatu alipanda juu ya kichuguu kutafuta netiwaki, akampigia baba yake, na kesho yake gari la ofisi likafika limebeba godoro jipya, biskuti na pakiti za maziwa. Maziwa ya pakiti, yamesafirishwa kutoka Garissa, yakaletwa katikati ya mbuzi mia mbili. Akina mama wa pale walizipitisha zile pakiti mkono kwa mkono, wakacheka hadi wakakaa chini.

Jioni hiyo ilikuwa zamu ya Hibo kwenda kwa yule mzee kujifunza kukamua. Nilikwenda naye. Mzee alikuwa amekaa mbele ya kibanda chake cha mikeka, anafukiza chombo cha maziwa kwa moshi wa kuni za kunukia. Alimkaribisha mtoto kama alivyowakaribisha wenzake, akamwomba ajitaje. Watoto wa kule hufundishwa kutaja jina lao, la baba, la babu, na kuendelea nyuma kadiri wanavyojua. Hibo akaanza, amechoka, anataja tu kama somo la shuleni. Jina lake, la baba yake, la babu yake, la baba wa babu. Hapo akakwama.

Mzee akaendeleza. Alitaja majina mengine saba bila kusita, mkono wake bado unazungusha kile chombo juu ya moshi.

Hibo akamuuliza kama aliwahi kumjua babu yake.

"Nilimzalia watoto watano," mzee akasema. "Mmoja ndiye baba yako."

Mtoto hakupiga kelele wala kulia, yeye aliyelilia nzi. Aligeuka akaniangalia mimi, na usoni mwangu aliona kwamba ni kweli na kwamba nilijua. Kisha akaketi chini, kwenye mchanga, akamshika mzee mguu, sijui kwa nini mguu, labda ndio uliokuwa karibu. Baada ya muda mzee akamwambia mbuzi hawatajikamua wenyewe.

Kuanzia siku hiyo sikuwa na kazi tena na Hibo. Aliamka kabla yetu. Alijifunza kumshika mbuzi kwa mguu wa nyuma bila kumuumiza, kumwachia mwanambuzi anyonye kwanza maziwa yaanze kushuka. Alichota maji kisimani akajimwagia nusu, akarudi tena. Godoro lile alilipeleka kwa ayeeyo wake, naye akalala kwenye mkeka kando yake. Maneno machungu alinitolea mimi, tena mara moja tu, akaniuliza kwa nini sikumwambia zamani. Nilimjibu kwamba nilikuwa mwoga. Akatikisa kichwa, akaenda kuwafungulia mbuzi.

Tuliporudi, Afisa akafanya karamu.

Hiyo karamu nitaikumbuka siku zote. Viti vya plastiki vilipangwa uani, pilau ya mbuzi, kipaza sauti cha kukodi. Wenzake wa ofisini walikuja, na majirani, na wafugaji wawili watatu wa ukoo waliokuwa mjini kwa shughuli zao, waliokalishwa nyuma karibu na matangi ya maji. Afisa alisimama, kitambulisho kifuani, akaanza kueleza jinsi binti yake alivyokomaa. Alisema Hibo alikamua ngamia. Kule nyuma wafugaji wakatazamana, maana ngamia hukamuliwa na wavulana na wanaume, na mmoja wao akajifanya anakohoa. Alisema alilala nje fisi wakilia. Alisema sasa anaamka bila kuamshwa, anapika chai, anawatandikia wageni. Hayo yalikuwa kweli. Kisha akafika kwenye godoro.

Alikuwa amepata habari za godoro kutoka kwa dereva, aliyekwenda kutuchukua. Akasema mtoto wake, aliyelelewa kwa raha zote, aliona kikongwe maskini huko porini hana pa kulala, akampa godoro lake mwenyewe. Alikuwa na machozi, machozi ya kweli. "Ukomavu huo," alisema, "haukutoka kambini. Umetoka nyumba hii. Mtoto huona kwa mzazi."

Nilikuwa nimeshika sahani. Niliiweka chini ili nisiitupe.

Halafu, kwa kuwa watu walikuwa wakipiga makofi, akamwambia Hibo achague zawadi yoyote, aseme mbele ya wote, naye atatimiza. Nadhani alitarajia simu. Hibo alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Alikuja mbele, akakikataa kile kipaza sauti. Neno moja tu lingetosha kumvua nguo baba yake mbele ya wenzake wa kazini, na kusema kweli nilikuwa nalingoja hilo neno. Nililingoja kwa hamu.

"Aabo," alimwambia baba yake, "nataka unipeleke wewe mwenyewe, siku ya Idi, nikamsalimie yule ayeeyo niliyempa godoro."

Ayeeyo ni bibi yeyote, wa kwako au wa mwenzako. Watu wakashangilia zaidi. Afisa akamkumbatia, akawaambia wageni, mnaona, hakuomba hata kitu. Ni wale wafugaji wa nyuma tu ambao hawakushangilia. Walimtazama yule msichana, wakaacha kula.

Siku ya pili nilimkuta Hibo dukani kwa mama yake. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alikuwa anakunja kitambaa, akamaliza kukikunja kwanza. Alisema kama angesema pale, baba yake angefunga mlango na ayeeyo asingeingia tena kamwe, hata watu wakimcheka vipi. Yeye alitaka mlango, alisema, hakutaka kicheko. Mimi na miaka yangu hamsini na mbili, na shahada yangu ya ualimu, nilikuwa nimetaka kicheko.

Habari za Idi nilizipata kwake. Walikwenda wawili, gari la nyumbani. Afisa alikuwa na furaha njia nzima, maana vikongwe Habaswein ni wengi na mama yake hakumfikiria, ana zawadi za kikongwe nyuma, sukari na mchele, amepanga kupiga picha. Walipopita Habaswein na Hibo akaanza kumwelekeza kushoto, kulia, kwenye ule mti, Afisa alipunguza mwendo. Kile kibanda alikijua. Alisimamisha gari mbali, hakuzima injini. Hibo alishuka peke yake, akatembea hadi kwa mzee aliyekuwa anawanywesha mbuzi, na akasema, "Ayeeyo, nimekuletea mwanao."

Mzee alijifuta mikono. Akatembea yeye hadi kwenye gari, akagonga kioo, akamuuliza mwanawe kama amekula.

Ukidhani Afisa alianguka miguuni kwa mama yake ukaisha ubaya wote, humjui. Alishuka, ndiyo. Alimsalimia, akalia kidogo, akakataa kukaa kwenye mkeka kwa sababu ya suruali. Alikaa nusu saa, amesimama. Alitoa sukari na mchele. Kisha akasema ana kikao kesho. Hibo akamwambia atabaki hadi shule zifunguliwe, naye hakuweza kukataa. Kule Iftin Afisa alipoulizwa mtoto yuko wapi, alisema ameteuliwa kwenda mafunzo ya ziada ya uongozi. Mwenzake mmoja alimpa hongera mbele yangu. Akaipokea.

Lakini mlango ulifunguka, kwa kiasi kile Hibo alichokadiria. Kila likizo alikwenda. Mara mbili mzee alikuja Iftin, akaketi ndani, akanywa chai chini ya feni. Afisa alimtambulisha kwa wageni kama mama yake, kwa haraka, kama mtu anayekunywa dawa. Uchaguzi ulipokaribia na yeye akafikiria kugombea kiti, alianza kujiita mtoto wa mfugaji, akabandika picha ya mama yake na ngamia kwenye mabango. Hakupata kiti. Mabango yalibaki nguzoni mwaka mzima, mama yake akififia juani juu ya barabara nzima ya Garissa. Nikipita nilimdharau upya, kila siku, kwenda na kurudi.

Nilihama Iftin baada ya hapo. Hibo aliingia chuo kikuu, anasomea tiba ya mifugo, ananitumia ujumbe sikukuu zikifika.

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye ofisi moja mjini kufuatilia karatasi zangu za kustaafu, na kwenye foleni, kwenye benchi la mbao, nilimkuta Afisa. Yeye pia amestaafu. Alikuwa amepungua, shati limekuwa kubwa. Alinipisha nikae, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nilimuuliza habari za nyumbani, akasema mama yake alifariki mwanzo wa Ramadhani. Nilimpa pole. Nikauliza kama alikuwepo.

Alinieleza mwenyewe, bila mimi kumchimba. Hibo alimpigia simu asubuhi kwamba hali ni mbaya, aje. Akasema anakuja. Lakini aliona si vizuri aonekane peke yake katika jambo kama hilo, mtu wa cheo chake, basi akapiga simu kwa wenzake wa zamani, akasubiri huyu afike, akasubiri yule ajaze mafuta. Waliondoka magari sita. Huko mzee alikata roho adhuhuri, na mazishi yetu, alisema, hayangojei mtu. Walipofika walikuta watu wanakung'uta mchanga mikononi.

Nilikuwa tayari na dharau yangu, nimeishika mkononi kama pesa ya nauli.

"Hibo aliwapokea wageni wangu wote," akasema. "Akawapa maji watawadhe, akawafuturisha magari yote sita. Mimi akanionyesha kaburi, akanishika mkono. Hakuniambia neno, Mwalimu. Hata jicho baya hakunitupia." Akatikisa kichwa, na ikaingia usoni mwake ile fahari ya zamani, ileile ya karamu. "Amekomaa yule mtoto. Amekomaa sana."

Nilidhani amemaliza. Karani aliita majina mawili, si yetu.

"Ningependa angenitukana," akasema. "Mara moja tu."

Nilikuwa na jibu, lakini lilikuwa la kumfariji, na katika miaka yote ile sikuwa nimejifunza kumfariji mtu yule. Nilisogea kidogo kwenye benchi ili akae vizuri, tukaendelea kusubiri.